Picha Nayo Hutoa Ushahidi

Tuseme, msomaji mpendwa, umeamka asubuhi ukasikia kelele upande wa dukani. Unakwenda mbio. Mlango wa duka la jirani yako umevunjwa usiku. Debe la mafuta ya kula limechukuliwa, na mfuko wa sukari, na kijisanduku cha fedha. Chini ya dirisha la nyuma, penye udongo uliolowa kwa mvua ya jana jioni, upo unyayo mmoja wa kandambili, umekaa wazi kama mhuri juu ya barua. Watu wamekwisha jaa. Kijana mmoja anatoa simu yake, anainama, anaupiga picha unyayo ule. Baada ya nusu saa picha imekwisha fika katika simu za kijiji kizima, na mtu mmoja anasema, "Mbona kandambili hizi ni za fulani!" Fulani anatafutwa. Anakutwa shambani, jembe mkononi na kandambili miguuni, na kweli mistari ya chini ya kandambili zake inafanana na ile ya picha.

Sasa nakuuliza: je, picha ile imethibitisha neno gani?

Usiwe mwepesi wa kujibu. Kijana yule aweza kupigwa hata kufa kabla jua halijafika utosini, maana hasira ya kundi haingoji mtu ajieleze. Kwa hiyo swali hili si la mchezo, wala si la askari polisi peke yao. Napenda leo tuzungumze juu ya ufundi wa picha za upelelezi: ulianza wapi, unafuata kanuni gani, umefanya nini mbele ya majaji, na ni lini uliwapoteza watu njia.

KARANI WA PARIS

Habari yetu yaanzia Ufaransa, mjini Paris, mwaka 1879. Mwaka huo aliajiriwa katika makao makuu ya polisi kijana mmoja jina lake Alphonse Bertillon. Kazi yake ilikuwa ya ukarani tu: kunakili katika kadi habari za watu waliokamatwa. (Sisi makarani hatusifiwi mara nyingi, basi niwie radhi nikimsifu huyu kidogo.) Bertillon aliona upesi kwamba kadi zile zilikuwa kazi bure. Kadi ilisema mtu huyu ni mrefu wa kadiri, na uso wake ni wa kawaida. Haya, watu wangapi wa Paris walikuwa warefu wa kadiri wenye nyuso za kawaida? Picha nazo zilikuwapo, kwa maana wafungwa walikwisha anza kupigwa picha zamani kidogo. Lakini kila mpiga picha alipiga apendavyo. Huyu amegeuka kushoto, yule ameinama, wa tatu yu mbali, wa nne amemulikwa taa ya kumpendeza kama bwana arusi. Mwizi akikamatwa mara ya pili na kujipa jina jipya, nani angemtambua katika maelfu ya picha za namna hiyo?

Kwanza Bertillon alipima miili: urefu wa mtu, kichwa chake, mkono, kidole, mguu. Mwezi wa Februari 1883 alimtambua kwa vipimo hivyo mtu wa kwanza aliyekuwa amejificha chini ya jina la uongo, na katika mwaka 1884 aliwatambua 241. Halafu akaigeukia kamera. Aliweka kiti maalumu kisichomruhusu mtu kukaa upande. Akaamuru umbali uwe uleule, mwanga uwe uleule, na kila mtu apigwe picha mbili: moja ya uso, na moja ya upande wa kulia, sikio likionekana vema. Tena picha itoke siku zote kwa kipimo kimoja, yaani sehemu moja ya saba ya ukubwa wa mtu mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa ufundi wote huu. Picha ya arusi hupigwa ili ipendeze. Picha ya upelelezi hupigwa ili iweze kupimwa na kulinganishwa na nyingine. Kama haipimiki, hata ikiwa nzuri namna gani, ni pambo la ukutani.

Baada ya hayo Bertillon aliichukua kamera mpaka mahali penyewe pa uhalifu. Aliiweka juu ya stendi ya miguu mitatu iliyo ndefu kuliko mtu, lenzi ikitazama chini, chumba kizima kikaonekana kama vile unakichungulia kutoka darini. Picha ile ilibandikwa katika kadi yenye mistari ya vipimo pembeni, hata jaji ambaye hakukanyaga chumba kile aliweza kuhesabu ni mita ngapi toka kitandani hadi mlangoni. Mtaalamu mwingine, Rodolphe Archibald Reiss, alitoa kitabu juu ya ufundi huu mwaka 1903, na mwaka 1909 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Lausanne, huko Uswisi, shule ya kufundisha mambo haya kama vile udaktari na sheria vinavyofundishwa.

KWANZA JICHO, HALAFU MKONO

Kanuni ya kwanza ni nyepesi kuitaja na ngumu kuishika: picha hupigwa kabla ya kitu chochote kuguswa. Kiti kilichoanguka kikisimamishwa, hakitaanguka tena vilevile. Mama mwenye nyumba, kwa uchungu na aibu, hushika ufagio akafagia vioo vilivyovunjika kabla wageni hawajafika. Na katika vioo vile huenda ndimo alimokuwa amebaki mwizi. Nitakuonyesha punde kwamba sisemi kwa mzaha.

Mpiga picha wa polisi huanza mbali. Hupiga nyumba nzima pamoja na njia, mti, kisima, kila kitu cha kuonyesha ni nyumba ipi. Kisha husogea, akapiga dirisha pamoja na ukuta na ardhi iliyo chini yake. Mwisho hufika karibu kabisa, akapiga ule unyayo peke yake. Picha ya karibu isiyo na zile za mbali ni yatima. Haijulikani ilizaliwa nyumba gani. Mahakamani wakili wa mshtakiwa atauliza, "Unyayo huu ulikuwa chini ya dirisha, au ulikuwa njiani wapitapo watu wote?" Nawe utajibu nini? Kwa sababu hiyo kila picha hupewa namba, na katika daftari huandikwa saa, mahali, mwelekeo, na jina la aliyepiga, palepale, wala si jioni kwa kukumbuka.

Sasa tuje kwenye rula, kwa maana hapa ndipo picha nyingi za simu zinapokufa.

Ukipiga picha ya unyayo peke yake, hakuna awezaye kusema ni wa mtu mzima au wa mtoto. Ukisogeza kamera unakuwa mkubwa, ukirudi nyuma unakuwa mdogo. Kwa hiyo huwekwa rula kando yake. Lakini si kuweka tu. Kwanza hupigwa picha bila rula, ili asije mtu akasema kwamba rula ilifunika kitu. Halafu rula huwekwa, nayo ilingane na kimo cha chini ya unyayo, si juu ya udongo wa pembeni. Kwa sababu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, na rula iliyo juu ya unyayo husema uongo. Kama unyayo umezama, mtaalamu huchimba kijifereji kando yake akailaza rula humo. Tena kamera iwe imetazama chini moja kwa moja. Ukiinamisha simu upande, unyayo wote huvutika kama kivuli cha jioni. Rula za polisi nyingi zimepindwa mfano wa pembe ya mraba, nazo zina viduara vidogo vilivyochapwa. Duara likitoka katika picha mfano wa yai, mtaalamu anajua mara moja kwamba kamera haikusimama sawa, na kwa ule upotofu wa duara anaweza kujaribu kuinyoosha picha.

Na mwanga? Hili wakulima na wawindaji wanalijua kupita wapiga picha wa mjini. Nyayo za mnyama huonekana vema asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa kila kijifuko cha udongo hupata kivuli chake. Saa sita mchana zimekwisha kufutika machoni, na kumbe zipo. Basi mpiga picha hukinga jua kwa mwavuli, kisha humulika kwa tochi kutoka upande, chini chini, karibu na ardhi. Hupiga picha moja kutoka upande huu, akahama, akapiga nyingine kutoka upande wa pili, na wa tatu, na wa nne. Mstari uliojificha katika picha ya kwanza hutokea katika ya tatu. Flashi ya simu iliyo juu ya lenzi hufanya kinyume chake: humwaga mwanga shimoni na kuua vivuli vyote, na kilichobaki ni doa la matope.

Upo na mwanga ambao jicho letu haliuoni kabisa. Kamera maalumu yaweza kupiga picha kwa miale iliyo nje ya rangi za upinde wa mvua. Wino wa namna mbili ulio mweusi sawasawa machoni petu, katika picha hiyo mmoja hutoweka na mwingine hubaki. Na karatasi iliyoungua ikawa jivu jeusi huweza kusomeka tena. Waweka hazina wa vyama vya akiba na mikopo wangefaa kulijua hili, hasa wale waongezao sifuri.

KIOO KILICHOVUNJIKA

Nilikwambia juu ya vioo. Tarehe 17 Oktoba 1902, mjini Paris, mtumishi mmoja aliyeitwa Joseph Reibel alikutwa amekufa katika nyumba ya daktari wa meno alikokuwa akifanya kazi. Alikuwa amenyongwa, na kabati moja lenye kioo limevunjwa. Juu ya kipande cha kioo mlikuwa na alama za vidole. Hakuna aliyefagia. Bertillon alivichukua vipande, akapiga alama zile picha, akazikuza.

Alama ya kidole juu ya kioo ni kama pumzi, huioni mpaka ugeuze kioo kwenye mwanga. Fundi huweka nyuma yake kitu cheusi, akamulika kutoka upande, na hapo ile mistari myembamba ya jasho hung'aa. Bertillon alipokwisha pata picha yake, tatizo likawa lingine: kadi zake zilipangwa kwa vipimo vya miili, si kwa vidole, vidole vichache vya mkono wa kulia vilikuwa vimeongezwa tu pembeni mwa kadi. Ikabidi kutafuta kadi kwa kadi. Ikapatikana moja ya Henri-Léon Scheffer, aliyekuwa amekamatwa mapema mwaka uleule kwa kosa jingine, na tarehe 24 Oktoba ripoti ikamtaja. Siku saba tu tangu kifo. Katika Ulaya hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa mwuaji kutambulikana kwa alama za vidole tu alizoziacha mahali pa tendo lake. Nami nasema, sifa moja na iende kwa yule asiyejulikana jina aliyeviacha vioo mahali vilipoanguka.

TAJI LA BIBI ISABELLA

Lakini habari inayoonyesha vema nguvu ya kipimo yatoka Uingereza, nayo ni ya kusikitisha. Nitaieleza kwa kifupi, maana gazeti hili husomwa na watoto pia.

Katika mji wa Lancaster aliishi daktari mmoja, Buck Ruxton, mzaliwa wa Bombay huko India. Wagonjwa walimpenda. Nyumbani kwake alikaa na Isabella, aliyejulikana kwa wote kuwa mkewe, na watoto wao watatu, pamoja na yaya aliyeitwa Mary Rogerson. Nyumba ile ilikuwa na wivu mwingi na magomvi. Katikati ya mwezi wa Septemba 1935 wanawake wale wawili hawakuonekana tena. Daktari alieleza mara hivi, mara vile: wamesafiri, wamekimbia.

Tarehe 29 Septemba, mbali sana na hapo, karibu na mji mdogo wa Moffat katika nchi ya Uskoti, mpita njia alitazama chini ya daraja la mawe akaona mafurushi korongoni. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya watu wawili. Aliyetenda hayo alijua vema viungo vya mwili, kwa kuwa alikuwa ameondoa karibu kila alama ya kumtambulisha mtu: nyuso, na hata vidole vingi. Kosa lake la kwanza lilikuwa gazeti. Furushi moja lilifungwa kwa gazeti la Sunday Graphic la tarehe 15 Septemba, na nakala ile ilikuwa ya toleo maalumu lililouzwa Lancaster, Morecambe na jirani zake tu. Kwa hiyo macho ya polisi yakageukia Lancaster.

Lakini nani angethibitisha kwamba mafuvu yale mawili ni ya wanawake wale? Kazi hii ilifanywa na maprofesa wawili, John Glaister wa Glasgow na James Couper Brash wa Edinburgh. Walikuwa na picha za wanawake wale walizopigwa wakiwa hai. Wazo lao lilikuwa kupiga picha ya fuvu likiwa limegeuzwa vilevile kama uso ulivyogeuka katika picha ya zamani, kisha kulaza picha moja juu ya nyingine na kutazama kama macho yanakaa katika matundu yake, na pua mahali pake, na meno, na kidevu.

Umekwisha kuona shida iko wapi? Picha ya studio haina rula. Uso wa Isabella ulikuwa mdogo juu ya karatasi. Uongezwe mara ngapi ili ufikie ukubwa wake wa kweli? Ukikisia, unaweza kulifanya fuvu lolote litoshee uso wowote. Hapo ndipo pambo lilipogeuka kuwa shahidi. Katika picha yake moja Bibi Isabella alikuwa amevaa taji dogo la mapambo kichwani, na taji lenyewe lilikuwa bado lipo. Wakalichukua, wakalipima, wakaikuza picha mpaka taji la karatasini likalingana na taji la mkononi. Sasa uso nao ulikuwa na ukubwa wa kweli. Mama yule, siku alipojipamba kwenda kwa mpiga picha, hakujua kwamba anabeba kichwani rula ya kesi yake.

Walipolaza picha juu ya picha, fuvu la pili lilikubaliana na uso wa Isabella. La kwanza likakataa kabisa, lakini likakubaliana na Mary. Nakuomba utazame maneno ya wataalamu hawa, kwa maana ni mfano wa uaminifu. Hawakuapa kwamba fuvu hili ni la Isabella. Walisema fuvu hili laweza kuwa lake, na lile haliwezi. Neno "haliwezi" ndilo lenye nguvu zaidi katika ufundi huu. Mengine yalitoka kwingine: gazeti, na alama za vidole zilizolingana na alama za Mary juu ya vitu vya nyumbani mle. Kesi ilisikilizwa Manchester kuanzia tarehe 2 Machi 1936, na tarehe 13 baraza la wazee wa kesi likamwona Ruxton ana hatia. Alinyongwa tarehe 12 Mei.

BERTILLON ANAKOSEA

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungeondoka ukiamini kwamba picha haisemi uongo. Lakini yule karani wetu wa Paris alifanya na jambo jingine, ambalo sina budi kulisema.

Mwaka 1894 ilipatikana barua iliyoonyesha kwamba ofisa mmoja wa jeshi la Ufaransa alikuwa akiwauzia Wajerumani siri. Ikashukiwa ni ya Kapteni Alfred Dreyfus, ambaye alikuwa Myahudi. Bertillon hakuwa bingwa wa miandiko, lakini sifa yake ilikuwa kubwa, akaulizwa. Alipiga barua ile picha, akazikuza herufi, akazipima, akachora mistari juu yake. Alipoona mwandiko unafanana na wa Dreyfus alisema ni wake. Na palipokuwa na tofauti alisema Dreyfus ameuigiza mwandiko wake mwenyewe ili adanganye! Kwa njia hiyo lipi lingeweza kumwokoa mtu? Mwezi wa Desemba 1894 Dreyfus alihukumiwa, na mwaka uliofuata akapelekwa kufungwa katika Kisiwa cha Ibilisi, karibu na pwani ya Amerika ya Kusini. Magazeti mengi yalimshambulia bila huruma, na La Croix, gazeti la Kikatoliki, lilikuwa mojawapo. Jambo hilo si la kuficha.

Na tazama ajabu. Tarehe 10 Novemba 1896 gazeti la Le Matin lilichapisha picha ya barua ile. Mwaka uliofuata nakala zake ziliuzwa barabarani, na mtu mmoja wa biashara ya hisa akanunua. Alipoitazama alishtuka. Mwandiko ule aliujua; alikuwa na barua nyingi za namna ileile kutoka kwa mteja wake, Meja Ferdinand Esterhazy. Basi barua ileile, katika picha, ilimfunga Dreyfus mkononi mwa bingwa aliyekwisha amua, na ilianza kumfungua mkononi mwa mtu aliyetazama tu. Mwaka 1904 wanahisabati watatu, Henri Poincaré mmoja wao, waliyapitia mahesabu ya Bertillon wakayakataa. Mwaka 1906 mahakama ilimwondolea Dreyfus hatia yote, miaka kumi na miwili baada ya kukamatwa.

SIMU YAKO MFUKONI

Siku hizi karibu kila nyumba ina kamera, maana simu ni kamera. Hilo ni jema, ila linataka akili. Picha iliyo katika simu huandikwa ndani yake, bila kuonekana, saa iliyopigwa na aina ya simu, na mara nyingine hata mahali. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na habari zile nyingi hupotea. Unyayo uliokuwa na mistari ishirini unafika kwa mwenzako na mistari minane. Kwa hiyo kilicho na thamani kwa polisi ni picha ya asili, katika simu iliyoipiga. Usiikate pembeni, usiing'arishe, usichore mshale juu yake. Wapelelezi wakiipokea huinakili, na kompyuta huitolea picha namba ndefu. Nukta moja tu ikibadilishwa, namba yote hubadilika, na udanganyifu hujulikana. Katika Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yataka mahakama itazame jinsi taarifa kama hiyo ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haikuharibiwa njiani. Tena leo kuna mitambo inayoweza kuchora uso wa mtu mahali ambapo hakufika kamwe, hata mama yake asitambue. Picha isiyojulikana mwenyewe haifai kumpeleka mtu hata kwa balozi wa nyumba kumi.

Basi turudi dukani kwa jirani yako. Unyayo ungali pale, chini ya dirisha. Watu na warudi nyuma. Mmoja alete beseni au karai aufunike taratibu, bila kuugusa, ili kuku wasiukanyage na jua lisiukaushe upesi, kwa kuwa matope yakikauka hujikunja na kipimo hubadilika. Mwingine ampigie simu mwenyekiti wa kijiji, naye awaite polisi. Kama unaona mvua inakuja na polisi wako mbali, piga picha wewe: mbali kwanza, kisha karibu, na simu itazame chini sawasawa. Huna rula? Chukua rula ya mtoto wa shule. Hata hiyo haipo? Laza sarafu, kisha itunze sarafu hiyohiyo, kwani taji la Isabella lilifaa kwa sababu lilikuwapo la kupimwa. Na tafadhali, kama kuna aliyeumia au kufa, usimpige picha na kuitembeza kwa watu. Mama yake naye ana simu.

Askari anafika saa nne. Anainua beseni. Anamulika tochi kutoka upande huu, kisha upande ule, anapiga. Anapima urefu: sentimita 28. Anamwomba yule kijana wa shambani avue kandambili zake. Mistari ni ileile, naam, kwa kuwa kiwanda hukamua maelfu kwa kalibu moja, na nusu ya kijiji wamenunua kwenye gulio lilelile. Lakini za kijana ni sentimita 25. Tena katika unyayo, karibu na kidole gumba, lipo doa la mviringo: mwenye kandambili ile amepitisha msumari chini yake ili kushika ukanda uliokatika. Askari anageuza za kijana, moja, halafu ya pili. Hakuna msumari, wala tundu la msumari.

Anaandika daftarini. Kijana anavaa kandambili zake, anachukua jembe lake, anarudi shambani. Na kutoka kule kwenye kundi la watu, mtu mmoja aliyekuwa amesimama mbele kabisa anaanza kurudi nyuma polepole, akitazama miguu yake.